Baada ya kimbunga, bahari ya Olumbi haitulii siku moja

KIMBUNGA kikishapita, jua huwaka mapema. Mawingu hutawanyika, upepo hulegea na bahari hulala kama mkeka. Kwa mtu aliyekaa siku nne ndani bila kitoweo wala senti mfukoni, asubuhi ya namna hiyo ni sawa na kuitwa. Huchukua miwani ya kuzamia na mkuki wa pweza, akashuka pwani. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu juu pametulia lakini chini bado.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya wenzetu wa Olumbi, katika Wilaya ya Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado nchini Msumbiji, hasa wale waliorejea nyumbani baada ya miaka ya ukimbizi. Nimeyaandika pia kwa wafanyabiashara wanaovuka Mto Ruvuma, au wanaopita baharini hadi Msimbati na Mtwara, kufuata pweza, samaki wakavu na mazao mengine ya bahari. Hawa wawili wanategemeana. Mmoja akiharakisha, mwingine huzama.

Nimezamia upande wa Mtwara kwa miaka kadhaa, kwa pumzi na kwa mtungi. Nimeshuka baada ya mvua kubwa za masika, nikanyoosha mkono mbele ya uso nisivione vidole vyangu. Hali ya namna hiyo huishi majini siku nyingi baada ya watu wa nchi kavu kusahau kwamba kulikuwa na mvua.

Bahari iliyoachwa

Mbele ya pwani ya Olumbi vimejipanga visiwa na miamba, Vamizi kikiwa kisiwa chenye jina kubwa kuliko vingine. Kabla ya vita wageni walisafiri kutoka Ulaya kuja kuzamia hapo. Watafiti waliorekodi viumbe wa miamba ya Vamizi walihesabu aina zaidi ya 180 za matumbawe, idadi ambayo sehemu chache za Bahari ya Hindi Magharibi zinaifikia. Siku nzuri, mzamiaji huona mita 20 na zaidi mbele yake.

Kisha mambo yakaharibika. Mashambulizi yalianzia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Septemba 2020 yalifika hadi Vamizi, na tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ukavamiwa. Katika kilele cha mgogoro, watu waliokuwa wamehama makazi yao walikaribia milioni moja. Wengi walikwenda Montepuez, Mueda na kwingineko bara, mbali na maji ya chumvi.

Kurudi kwao ni jambo la heri, lakini kuna jambo moja ambalo halisemwi sana. Mtoto aliyeondoka Olumbi mwaka 2020 akiwa na miaka 12 amekuwa kijana kambini. Ana nguvu na ana njaa ya kazi, ila hakupata ile miaka ya kukaa kwenye mtumbwi na baba au mjomba, akionyeshwa mlango wa maji ulipo, mkondo unakoelekea na siku ambayo haifai kushuka. Kijana huyo ndiye atakayesimama ufukweni asubuhi ile ya jua baada ya kimbunga.

Vimbunga sasa vinafika huku

Zamani ilisemwa kwamba vimbunga ni mambo ya Madagaska na ya kusini mwa Msumbiji. Kauli hiyo haikuwa na ukweli kamili hata wakati huo, kwani Zanzibar ilipigwa na kimbunga kikubwa Aprili 1872, kikang'oa mikarafuu na kuharibu merikebu za Sultani, na Lindi ilipigwa Aprili 1952.

Jioni ya Alhamisi, tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu Cabo Delgado, kati ya mji wa Pemba na Mocímboa da Praia, upepo wake ukikadiriwa kufikia kilomita 220 kwa saa. Macomia, Quissanga na kisiwa cha Ibo viliumia vibaya, na watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Wiki sita tu kabla yake, kimbunga Idai kilikuwa kimeipiga Beira. Kumbukumbu hazikuwa zimewahi kuonyesha vimbunga viwili vikali namna hiyo vikiipiga Msumbiji katika msimu mmoja.

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisogea hadi karibu na Mafia, kikafifia, lakini mvua zake zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, na magari ya mizigo yakakwama kwa siku kadhaa. Tarehe 15 Desemba 2024 kimbunga Chido kiliingia Mecúfi, kusini mwa mji wa Pemba, na watu zaidi ya 100 wakafariki Msumbiji. Msimu wa kawaida ni Novemba hadi Aprili, ingawa Hidaya alikuja ukiwa umekwisha.

Upepo ulitoka wapi

Jambo la kwanza la kujua kabla ya kuzamia ni kimbunga kilipita upande gani wa kijiji. Upande wetu huu wa kusini mwa ikweta, vimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kikitoka baharini kuelekea magharibi, walio kusini mwa kitovu hupata upepo wa kutoka baharini, unaosukuma maji kuyaleta nchi kavu. Walio kaskazini mwa kitovu hupata upepo wa kutoka bara, unaosukuma vitu kuvipeleka baharini.

Kenneth alipita kusini mwa Olumbi. Kimbunga cha namna hiyo huchukua bati, miti, makuti, kamba na vyombo, kikavitupa majini. Baadhi huelea, vingine huzama na kunasa kwenye miamba. Bati lililosimama kati ya matumbawe halionekani kwenye maji ya tope mpaka limekata mguu. Wavu uliopotea ni mbaya zaidi, kwa sababu haukati, unashika. Mzamiaji wa pumzi ana dakika moja hivi, na wavu hauna haraka.

Kitovu kikipita kaskazini mwa kijiji, tazamia kinyume chake. Mawimbi yatakuwa yamepiga mwamba wa nje moja kwa moja, na mawe makubwa yatakuwa yamepinduka. Jiwe lililopinduka majuzi halijakaa sawa. Usiingize mkono chini yake kutafuta pweza, wala usijivutie kwalo ukipigwa na mkondo.

Hesabu mawimbi kabla ya kuvua shati

Bahari inayoonekana shwari inaweza kuwa na mawimbi marefu yaliyotoka mbali, kwenye kimbunga kilichokwisha pita au ambacho bado kiko baharini. Mawimbi hayo hayavunjiki juu. Yanainua mtumbwi taratibu na kuushusha, mtu akadhani bahari inapumua tu.

Kuna njia ya kuyapima isiyohitaji chombo chochote zaidi ya saa ya mkononi. Tazama boya au mtumbwi uliotia nanga, uhesabu sekunde tangu unapokuwa juu ya wimbi moja hadi unapokuwa juu ya linalofuata. Nguvu ya wimbi huhisiwa chini ya maji hadi kina kinacholingana na nusu ya urefu wake, na urefu huo hutegemea sekunde. Wimbi la sekunde 5 kwenye maji ya kina lina urefu wa takriban mita 39, hivyo mtikisiko wake hufika karibu mita 20. Wimbi la sekunde 12 lina urefu wa zaidi ya mita 220, na mtikisiko wake hupita mita 100.

Maana yake ni kwamba mawimbi ya sekunde 12, hata yakiwa ya chini, yatakusukuma na kukurudisha ukiwa mita 15 kwenye mwamba. Yatakugonga kwenye matumbawe na kuinua mchanga usione kitu. Ukihesabu sekunde nyingi kiasi hicho, rudi nyumbani, hata kama maji yanang'aa kama kioo.

Sahani nyeupe

Mvua za kimbunga huteremsha udongo wa mito, na Ruvuma ni mto mkubwa unaomwaga kaskazini tu mwa Palma. Mito midogo na mikoko nayo hutoa tope lake. Tope hilo husafiri na maji yakipwa na kujaa, hivyo mahali palipokuwa peupe asubuhi panaweza kuwa chai ya maziwa alasiri.

Wanasayansi wa bahari hupima weupe wa maji kwa sahani nyeupe, njia iliyoanzishwa na padri Mtaliani Angelo Secchi mwaka 1865. Sisi tunaweza kuitumia kwa sahani ya bati ya nyumbani. Itoboe, ifunge kamba yenye fundo kila nusu mita, itie jiwe la kuizamisha, kisha ishushe upande wa kivuli wa chombo. Inapopotea machoni, hesabu mafundo.

Kipimo ninachokifuata mimi ni hiki: sahani ikipotea kabla ya mita 5, sishuki. Simwoni mwenzangu, yeye hanioni, na aliye juu kwenye chombo hatuoni sote. Rudia kipimo siku tatu mfululizo, wakati uleule wa maji. Namba ikipanda kila siku, bahari inasafika. Ikipanda na kushuka, mto bado unaleta.

Chagua pia siku. Pwani hii maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa takriban mita 4, na kwenye milango kati ya visiwa mkondo wake humshinda muogeleaji yeyote. Subiri maji mafu, na ushuke wakati maji yamesimama, si yakiwa katikati ya kupwa.

Mzamo wa kwanza uwe wa kutazama tu. Nendeni wawili, kila mmoja na kisu kiunoni cha kukatia wavu, na mtu wa tatu abaki juu. Msichukue kitu. Kazi ya siku hiyo ni kujua wavu uko wapi, jiwe lipi limepinduka na mlango upi umezibwa, kisha mrudi kuwaeleza wengine.

Mtungi uliokutwa na mashine ya hewa

Hapa nataka kusema kwa ukali kidogo. Baada ya kimbunga, maji ya karibu huwa machafu na mwamba wa karibu umevunjika. Maji meupe na mwamba mzima viko nje zaidi, na chini zaidi. Mzamiaji aliyekuwa anatosheka na mita 8 hujikuta anatafuta mita 20 au 30. Akipata mtungi au mashine ya kusukuma hewa kwa bomba, humwona Mungu amemfungulia njia.

Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Mita 10 mgandamizo ni mara mbili, mita 30 ni mara nne. Hewa ambayo ingekutosha saa moja ukiwa juu, mita 30 inakutosha robo saa. Humo humo, naitrojeni iliyo katika hewa hiyo huyeyuka ndani ya damu na nyama. Ukipanda kwa haraka hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa. Maumivu ya viungo, ganzi, miguu kukataa kusimama, mkojo kufunga: hizo ni dalili za povu hilo. Si jini wa mwamba, na haziponi kwa kukandwa. Mtu huyo alazwe chali, apewe oksijeni kama ipo, na apelekwe hospitali haraka. Asirudishwe majini. Tiba kamili ni chumba maalumu cha mgandamizo, na hicho si kitu cha kukikuta kwenye zahanati ya kijiji.

Aliye na mtungi asibane pumzi hata mara moja anapopanda, kwani hewa hutanuka na kupasua mapafu. Mwenye mashine ya bomba ahakikishe mdomo wa kuvutia hewa uko mbali na moshi wa injini, maana moshi huo una hewa ya sumu isiyo na harufu inayolaza mtu moja kwa moja. Naye mzamiaji wa pumzi asihemehem mara nyingi kabla ya kushuka akidhani anajaza hewa. Anachofanya ni kuiondoa ile dalili ya kumwambia apande, na atazimia akiwa bado chini.

Kwa waliorejea, kuna mitungi iliyokaa vibandani miaka yote ya vita. Msiitumie. Mtungi wa chuma wenye unyevu huota kutu ndani, na kutu hula oksijeni iliyomo, hivyo unaweza kuvuta hewa ukafa huku mtungi umejaa. Kwa kawaida mtungi hupimwa nguvu kila baada ya miaka 5, na tarehe hupigwa mhuri shingoni. Hakuna mhuri mpya, hakuna kushuka. Wafanyabiashara nao wakumbuke kwamba Tanzania kuvua kwa kutumia mitungi ni kosa, na mzigo uliopatikana hivyo ni mzigo wa kesi.

Kuna na hatari nyingine isiyo ya mgandamizo. Mafuriko hubeba vyoo. Tarehe 2 Mei 2019, wiki moja baada ya Kenneth, Msumbiji ilitangaza mlipuko wa kipindupindu Cabo Delgado. Maji ya karibu na midomo ya mito na vijijini yasimezwe, vidonda vifunikwe, na chaza na kombe wa ufukweni wasiliwe wabichi wala nusu wabichi mpaka mafuriko yamekwisha.

Mwamba nao umeumia

Kimbunga huvunja kwanza matumbawe ya matawi. Yale ya mviringo kama vichwa husimama, au hung'oka yakiwa mazima. Matawi hukua haraka, baadhi hadi sentimita 10 kwa mwaka, na kipande kilichovunjika kinaweza kushika tena kikikaa mahali pamoja. Vichwa hukua takriban sentimita 1 kwa mwaka, hivyo kichwa cha mita 1 ni umri wa babu na baba yake.

Wiki za kwanza ndizo za kuamua. Juya likikokotwa juu ya vipande hivyo, au watu wakivikanyaga kutafuta pweza, vitasagika viwe changarawe, na juu ya changarawe inayotembea hakuna kinachoota. Vikiachwa, mwamba una nafasi. Na mwamba wa pwani hii ulikuwa umeshajeruhiwa na maji ya moto ya mwaka 1998, ya 2016 na ya 2024.

Pweza anatupa sababu ya kusubiri inayoingia mfukoni. Huishi mwaka mmoja na kidogo tu, lakini hukua upesi sana. Huko Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, wanakijiji walianza mwaka 2004 kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache, kisha wakaifungua wakakuta pweza wakubwa. Mtindo huo umeenea hadi Pemba ya Zanzibar. Kufunga mwamba baada ya kimbunga ni jambo lilelile, isipokuwa tarehe imepangwa na upepo.

Nani alipe siku za kusubiri?

Yote niliyoyaeleza ni rahisi kuyasema mbele ya mtu aliyeshiba. Mzamiaji wa Olumbi aliyerudi hana akiba. Mara nyingi miwani, mapezi na hata mtumbwi vimetokana na fedha alizotanguliziwa na tajiri, na tajiri naye amekopa Mtwara. Kimbunga kikija deni halipungui, linaongezeka kwa chakula cha siku za mvua. Simu inapopigwa kuulizwa mzigo uko wapi, mtu hatakumbuka sekunde 12 wala sahani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa mwisho ni wa wafanyabiashara. Kabla ya Novemba, wakati wa kugawa fedha za msimu, kubalianeni mambo matatu mbele ya wazee na viongozi wa wavuvi. La kwanza, tahadhari ya kimbunga ikitangazwa, deni linasimama, wala halihesabiwi siku mpaka bahari ifunguliwe. La pili, anayeifungua bahari ni wazamiaji wazoefu wa kijiji baada ya mzamo wao wa kutazama, si mwenye fedha. La tatu, tajiri atoe chakula cha siku hizo kwa mkopo usio na nyongeza. Mzamiaji aliyelemaa miguu hatalipa deni lake kamwe, na hilo ni hesabu hata kwa asiye na huruma.

Tahadhari zenyewe zinapatikana. Msumbiji hutumia rangi, bluu, njano na nyekundu, kadiri kimbunga kinavyokaribia, na redio huzitangaza. Upande wa Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa zake. Aliye Mtwara akisikia kwanza, ampigie mwenzake wa Olumbi. Wenyeji nao waulize ofisi ya bahari na askari wa eneo kama ruhusa ya kutoka ipo, kwani kuna vipindi vya mgogoro huu ambapo kwenda baharini kulizuiwa.

Sahani, kamba na saa ya mkononi havizidi bei ya kilo chache za pweza. Mfanyabiashara anayevuka mpaka msimu huu anaweza kuvibeba pamoja na unga na sukari, akavikabidhi kwa mzamiaji wake siku ileile anayomkabidhi fedha.